Maswali ya Wasomaji: Kliniki nne, wiki moja, na bomba lililopasuka

Msimu huu wa mvua barua zenu zimekuja na vitu viwili kwa pamoja: kadi ya hospitali na ndoo iliyotegwa chini ya kitu kinachovuja. Tumejibu zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Jumatatu baba mkwe ana kliniki ya sukari na presha. Jumanne mwanangu anatimiza miezi 9, ana chanjo. Jumatano wifi yangu ana kliniki ya wajawazito, mimba yake ina wiki 26. Alhamisi mama mkwe anarudi kwa daktari wa macho. Alitolewa mtoto wa jicho wiki iliyopita. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko njia ya Juba. Na humu ndani choo kinatiririka usiku kucha, chini ya sinki kuna maji. Nianzie wapi? — Mama wa watatu, Walukuba, Jinja

Dada, kalenda iweke kando kwanza. Kwa kila miadi jiulize: ikisogea siku tatu, nini kitaharibika? Tarehe zote kwenye kadi zimeandikwa kwa wino mmoja lakini uzito wake si mmoja.

Ya Alhamisi haisogezwi. Jicho lililopasuliwa hukaguliwa mapema kwa sababu siku hizo za mwanzo ndizo maambukizi ya ndani hujitokeza, na yakishajitokeza kila saa ina thamani. Mama akiona giza kuliko jana, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, au jicho likiwa jekundu zaidi, hata hiyo Alhamisi msiingoje. Mpelekeni siku ileile. Kama amepewa matone ya aina mbili, tia la kwanza, ngoja dakika 5, ndipo la pili, la sivyo la pili linaliosha la kwanza. Ncha ya kichupa isiguse kope.

Ya Jumatatu itaamuliwa na sahani. Mwaga vidonge vya mzee kwenye sahani, kila aina peke yake, uhesabu. Kliniki nyingi hutoa dawa za siku 28 au 30, na tarehe ya kurudi hufuata hesabu hiyo. Ukikuta vimebaki vya siku 5 unaweza kudhani pana nafasi, lakini kliniki za sukari na presha huwa na siku yake maalumu ya wiki: ukiikosa Jumatatu hii umekwenda hadi Jumatatu nyingine, na vidonge 5 havifiki huko. Ukikuta vimezidi sana, hilo nalo ni jibu. Kuna siku mzee hamezi, na daktari anatakiwa alijue kabla hajamwongezea dozi kwa kudhani dawa imeshindwa.

Kwa kipimo cha sukari cha kufunga, mzee ale chakula cha mwisho saa 2 usiku, na damu itolewe kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Maji matupu anywe. Chai hapana, hata isiyo na sukari, kwa kuwa wazee wetu hawajui chai isiyo na maziwa. Dawa za sukari za asubuhi asimeze nyumbani: afungiwe pamoja na chakula, ameze damu ikishatolewa na akiwa anakula. Hapa ndipo watu huanguka kwenye foleni. Mzee amedungwa insulini au amemeza glibenklamaidi alfajiri, hajala, foleni imefika saa 5, jasho linamtoka na mikono inatetemeka. Hiyo ni sukari kushuka. Mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, ngoja dakika 15, kisha ale. Kwa hiyo ukifika ulizia maabara kwanza, daktari baadaye. Dawa za presha ni habari nyingine, hizo kwa kawaida humezwa na maji kama siku zote, maana daktari anataka kuiona presha ikiwa chini ya dawa. Kabla ya kupimwa akae dakika 5 ameegemea kiti, miguu chini, mkono umelazwa usawa wa moyo, mkojo ameshautoa. Mzee aliyeshuka boda boda sasa hivi akapandishwa ngazi ataandikiwa presha ya ngazi.

Chanjo ya Jumanne inaweza kuchelewa siku chache bila hasara kubwa. Kuwahi ndiko kubaya, kwa sababu kinga ya mama iliyobaki mwilini mwa mtoto huweza kuizima. Kwa ratiba ya Uganda, miezi 9 ni surua na rubela kwa sindano moja, na homa ya manjano kwa nyingine. Zote zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Hudungwa siku moja. Zisipodungwa siku moja basi zipishane wiki 4, kwa hiyo usiombe mtoto apewe moja leo na nyingine Ijumaa kwa kumwonea huruma. Ufike asubuhi. Chanjo hizi huja kama unga kwenye kichupa cha watoto kadhaa, na kikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6. Ndiyo maana muuguzi husita kukifungua saa 9 mchana kwa mtoto mmoja. Hakuna uvivu hapo. Mafua na kikohozi chepesi havizuii chanjo.

Ukiwa na kadi mkononi, tazama na safu ya chanjo ya malaria. Tangu Aprili 2025 wilaya zenye malaria nyingi hutoa dozi nne: miezi 6, 7, 8 na 18. Kukiwa na kisanduku kitupu, mwoneshe muuguzi. Dozi iliyokosekana hupangiwa siku yake, ratiba haianzi upya. Halafu weka alama kwenye kalenda siku ya 7 hadi ya 12 baada ya sindano. Homa na vipele vya chanjo ya surua hutokea hapo, sio usiku wa siku ya chanjo, na akina mama wengi wameshasahau. Hata hivyo kwetu homa ni homa: apimwe malaria.

Sasa wifi. Wiki ya 26 ni moja ya mahudhurio manane (12, 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40), na kusogea siku mbili hakumdhuru. Piga simu kituo cha afya uulize kama siku ya chanjo wanapokea na wajawazito. Vituo vingi vya daraja la III hufanya hivyo. Kama jibu ni ndiyo, mwende naye Jumanne, mtoto apate mikono miwili ya kumbeba. Kuna sharti moja: Fansidar ya kuzuia malaria hutolewa kila mwezi kuanzia wiki ya 13, na kati ya dozi na dozi pasiwe chini ya wiki 4. Kama alimeza siku 26 zilizopita, atapimwa tumbo na presha lakini Fansidar ataifuata wiki 4 zikitimia. Akitokwa na damu, akaumwa kichwa sana huku anaona ukungu, chupa ikapasuka au mtoto akaacha kucheza, miadi haina maana tena. Aende sasa hivi.

Hapo Jumatano imebaki wazi. Mpe fundi, na mpigie leo hii. Akikwambia "nakuja asubuhi," muulize saa ngapi.

Kabla hajafika, fungua kifuniko cha tangi la choo utazame. Maji yakimwagikia ndani ya bomba la kufurikia, boya limekaa juu mno: lishushe kwa skrubu yake, au kunja kidogo mkono wake kama ni wa waya mnene, mpaka maji yakome sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa bomba hilo. Yakiwa chini ya mdomo na bado choo kinalia, mpira wa kuzibia chini ya tangi umechoka. Kuhakikisha, mimina kikombe cha chai ya rangi nzito ndani ya tangi na usivute. Rangi ikishuka bakulini, ni mpira. Huo fundi aje nao, na umwambie muundo wa choo chako, maana mipira haifanani. Kwa sasa funga koki ndogo ya ubavuni mwa tangi, mtumie ndoo: lita 5 au 6 kwa mkupuo mmoja. Ukimwaga kidogokidogo hausukumi kitu, unapoteza maji.

Chini ya sinki, kausha kila kitu kwa kitambaa kisha usubiri bila kufungua maji. Pakilowa hivyohivyo, ni bomba la maji safi. Funga koki yake. Pakilowa pale tu unapomwaga maji ya vyombo, ni kombo la majitaka, na mara nyingi dawa ni kufungua nati ya plastiki, kugeuza au kubadilisha washa (ile pete ya ndani ya kuzuia kuvuja), na kukaza kwa mkono. Kwa mkono tu. Spana hupasua nati hizo.

Jambo la mwisho, dada. Kila mgonjwa awe na daftari lake la kurasa 48, jina, mwaka wa kuzaliwa na simu ya ndugu vikiwa kwenye jalada. Familia nyingi huandikiana kwenye daftari moja, na daktari anajikuta anasoma sukari ya baba katikati ya mimba ya binti. Majibu ya maabara bandika kwa gundi, pini za kubania huchana karatasi.

Bomba la uani lilipasuka asubuhi tunatoka kwenda hospitali. Koki ya karibu na mita imekwama, haifungi. Nifanye nini litokeapo tena, na fundi atengeneze vipi lisirudie? — Msomaji, Bombo

Koki iliyokwama usiitie bomba refu la kukuongezea nguvu. Shina lake hukatika, ukabaki na maji yasiyozimika kabisa. Dondoshea mafuta ya mashine kwenye shina, ngoja dakika 10, kisha zungusha robo kufungua, robo kufunga, tena na tena. Unavunja chokaa na kutu, hushindani nayo. Ikikataa, fungua bomba zote za uani na za ndani zilizo chini, ujaze kila jerikeni uliyonayo. Shinikizo linapungua kwenye ufa na maji hayaendi bure. Halafu wapigie NWSC, shirika la maji, wafunge kwao.

Kama ni ufa au tundu, mpira wa ndani wa baiskeli unatosha kukufikisha hospitali na kukurudisha. Kata ukanda wa upana wa sentimita 5, urefu mita 1. Anza sentimita 10 kabla ya ufa, vuta mpaka mpira unyooke, na kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Maliza sentimita 10 baada ya ufa, rudi ulikotoka, kisha funga kwa waya wa kufungia nondo au klempu mbili. Ukiufunga ukiwa umelegea, maji yatapita katikati ya mizunguko kana kwamba hujafanya kitu. Kwa maungio yaliyoachana kabisa mpira hausaidii. Hapo ni plagi, yaani kizibo cha kuzungusha, ya kipimo cha bomba, na kwenye nyuzi zake mizunguko 10 hivi ya tepu nyeupe, ikizungushwa upande ambao plagi inakazwa. Ukiizungusha kinyume inajikunja na kutoka unapokaza.

Kuhusu kurudia: mkiwa na fundi, kwanza mtambue bomba ni la aina gani, kwa sababu kosa tunaloandikiwa zaidi ni gundi kupakwa kwenye bomba jeusi. Bomba jeusi la polithini halishiki gundi yoyote. Litakaa siku mbili, shinikizo la usiku litaling'oa. Hilo hutaka kiungio cha kukaza chenye pete ya mpira. Bomba la plastiki gumu la PVC ndilo la gundi: likatwe wima, lisuguliwe kwa msasa, likaushwe kabisa, lipakwe, lisukumwe hadi mwisho, lishikiliwe nusu dakika, na maji yasifunguliwe kwa nguvu mpaka muda ulioandikwa kwenye kopo upite. Lile la PPR huunganishwa kwa mashine ya joto la nyuzi 260. Fundi akija bila mashine na bomba lako ni hilo, mshukuru umtafute mwingine. Kipande kilichopasuka kikatwe sentimita 10 kila upande wa ufa, maana ufa wa plastiki huendelea mbali kuliko jicho linavyouona. Na mfereji wa bomba ufukiwe kwa udongo uliochekechwa mawe. Jiwe moja chini ya bomba, gari moja juu yake, mnaanza upya.

Kazi ikiisha, fungeni maji yote ya nyumba mtazame kigurudumu kidogo cha mita. Kikizunguka, bado kuna pengine panapovuja, na kwa kawaida maji ya baada ya mita ni ya mfuko wako. Jerikeni la kwanza baada ya matengenezo likamwagilie migomba, kwa kuwa tope limeingia. La kunywa lichemshwe mpaka litokote.

Mama yangu anatumia insulini na huku kwetu umeme hukatika hata siku mbili. Anaiweka kwenye friza ili "ishike baridi." Ni sawa? — Arua

Sio sawa, na chupa iliyowahi kuganda itupwe hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima. Protini yake imeshaharibika. Mama atakuwa anajidunga maji.

Chupa ambazo hazijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8, katikati ya friji, mbali na ukuta wa nyuma na mbali na friza. Umeme ukikatika friji isipofunguliwa hushika baridi kama saa 4, zaidi kidogo ukijaza nafasi tupu kwa chupa za maji. Chupa anayoitumia haihitaji friji. Insulini nyingi za binadamu zikishafunguliwa hukaa nje hadi wiki 4, mradi joto lisizidi lililoandikwa kwenye karatasi yake, nyuzi 25 au 30. Andika tarehe ya kufungua kwenye plasta uibandike chupani.

Tatizo lenu Arua ni jua la Desemba hadi Februari, na dawa yake ni vyungu viwili. Chukua chungu kikubwa na kidogo kinachoingia ndani yake kikiacha nafasi ya sentimita 3 hadi 5 pande zote. Nafasi hiyo ijae mchanga, mchanga ulowe maji asubuhi na jioni. Insulini ikae kwenye kopo kavu lenye kifuniko, kopo ndani ya chungu kidogo, juu yake kitambaa cha pamba kilicholowa. Vyungu viwe havijapakwa rangi wala mng'aro, maana maji yanapotoka kupitia udongo na kukauka ndiyo yanayochukua joto. Viweke kivulini, juu ya mawe matatu, upepo unapopita; watu huvificha ndani ya kabati halafu wanashangaa. Usitegemee nyuzi 8 humo, tegemea ubaridi kuliko chumba. Na mvua zikishika, hewa ikajaa unyevu, vyungu hupoteza nguvu, ila siku hizo joto lenyewe limeshuka.

Ile ya maji maangavu ikiingia ukungu au kuwa na utando, tupa. Ile ya ukungu ibingirishwe viganjani mara 10 au zaidi bila kutikiswa; ikibaki na mabonge, au chembe kama ukoko zimeshika kwenye kioo, tupa. Na sukari ikipanda siku tatu mama akiwa anakula vilevile na kudunga vilevile, shuku chupa kabla ya kumshuku mama.

Kila nikiwasha pasi asubuhi umeme wa nyumba nzima unazima, na yuniti za Yaka (umeme wa kulipia kabla) zipo. Asubuhi zenyewe za kliniki sina hata dakika. — Naguru, Kampala

Fungua sanduku la breka uone iliyoshuka ni ipi. Ikiwa ni ndogo, ya soketi peke yake, huenda umezidisha mzigo: birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye ekstensheni moja ni zaidi ya ampea 13, na plagi yake ni ya 13. Visipokuwa pamoja, tatizo huisha.

Ikiwa iliyoshuka ni ile pana yenye kitufe kidogo cha kujaribia, kuna umeme unaovuja kwenda ardhini, yaani kwenda kwa mtu atakayekigusa chombo. Chomoa kila kitu, usizime tu kwenye soketi. Pandisha breka. Ikikaa, chomeka kimoja kimoja. Kitakachoiangusha ndicho kibovu. Pasi huharibika pale waya unapoingia kwenye mpini kwa sababu ya kukunjwa, au pale maji ya mvuke yanapoingia kwenye elementi. Ikianguka na hakuna kilichochomekwa, zima breka ndogo zote, pandisha ile pana, kisha ndogo moja moja. Msimu wa mvua mshukiwa wa kwanza ni taa ya nje. Saketi hiyo iache imezimwa, nenda kliniki, fundi mwenye leseni aje baadaye. Kufunga breka kwa gundi isishuke, au kutia karatasi ya fedha ya sigara mahali pa fyuzi, ni kuitafutia nyumba moto.

Kwa waliorudi kwenye nyumba iliyofungwa muda mrefu: mita ambayo haikusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 haipokei tokeni ya kawaida. Utapewa mafungu matatu ya tarakimu 20. Mawili ya mwanzo huamsha mita, la tatu ndilo lenye yuniti, na ukiyabadilisha mpangilio yatakataliwa. Tangu Aprili 1, 2025 anayehusika ni UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme.

Mtoto wa kilo 11 mwenye malaria ametapika Coartem ya jioni. Nimpe tena? — Tororo

Akitapika ndani ya saa moja, rudia dozi nzima, kidonge kimoja. Baada ya saa moja, usirudie. Pakiti ya uzito wake ni vidonge 6, kwa hiyo ukirudia utapungukiwa mwisho: rudi kituoni uombe kingine mapema, usimalizie na vitano. Dozi ya pili huwa saa 8 baada ya ya kwanza, na watu wengi huikosea. Akianza saa 2 asubuhi, ya pili ni saa 10 jioni. Kesho na kesho kutwa ni saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Mpe na maziwa au uji uliotiwa karanga za kusaga, maana dawa hii bila mafuta hainyonywi vizuri, na tumbo tupu ndilo hutapika. Akitapika mara mbili mfululizo, akashindwa kunyonya, akalegea au akapata degedege, vidonge vimeshapitwa. Anahitaji sindano hospitalini.

Katika harakati za kuwahi kliniki, mtoto amejimwagia uji wa moto mkononi. Bibi alimpaka samli. — Busia

Samli, dawa ya meno, yai na unga vyote hushikilia joto ndani na humpa daktari kazi ya kukwangua. Maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Kama bomba halina maji, jerikeni moja la lita 20 likimiminwa polepole, lita moja kwa dakika, linamaliza muda huohuo. Yanafaa hata kama saa mbili zimepita. Barafu hapana. Wakati wa kumimina vua nguo na bangili kabla mkono haujavimba, ila kilichogandia ngozi kiacheni. Mfunike mwili uliobaki asipigwe na baridi. Kisha laza juu ya kidonda mfuko safi wa nailoni au kitambaa safi, bila kukaza, bila kutumbua malengelenge. Parasetamo ni miligramu 15 kwa kila kilo. Jeraha likizidi kiganja cha mtoto mwenyewe, au likiwa usoni, kiganjani, kwenye kiungo au sehemu za siri, aende hospitali, na aliyekuwa na miadi ya asubuhi hiyo atasubiri.

Mke wangu analea mgonjwa wodini. Wanaume wenzangu wa stegi ya boda boda wanasema baba hapokelewi kwenye chanjo. Kweli? — Malaba

Kaka, kinachotazamwa ni kadi ya mtoto. Nenda nayo, fika kabla ya saa 3, umvalishe nguo inayopandishwa pajani kwa mkono mmoja, na ujue mambo manne atakayokuuliza muuguzi: alizaliwa lini, alipata nini mara ya mwisho, aliwahi kuvimba au kushindwa kupumua baada ya sindano, na sasa anaumwa nini. Ukikaa pale mpakate mapajani, umshike mkono mmoja kwapani mwako na mguu katikati ya mapaja yako. Baada ya sindano usiondoke kwa dakika 15. Nepi chukua mbili.